Mifano Sitini na Mmoja ya Mama Mkwe

Chuo cha lugha kina madarasa manane juu, ofisi mbili chini, na nyuma ya ngazi kuna chumba kimoja kisicho na dirisha ambacho wanafunzi wengi humaliza kozi bila kujua kama kipo. Humo ndimo anamofanya kazi Fundi Wino. Mashine ya kwanza aliyokabidhiwa ilikuwa ya stensili, ile ya kuzungusha kwa mkono, iliyomwachia vidole vyeusi na jina la utani. Ya sasa ni fotokopi kubwa inayobana yenyewe karatasi kwa pini, lakini jina limebaki lilelile. Ana miaka hamsini na minne, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza akirudufu maneno ya watu wengine: mitihani, ratiba, matangazo ya likizo, mazoezi ya sarufi. Kama kuna mtu aliyesoma kila karatasi iliyowahi kutoka katika chuo kile, basi ni yeye, kwa sababu hajaliweza kamwe lile la kurudufu kitu bila kukitupia jicho.

Shule yake iliishia darasa la saba. Kiingereza alikiokota kwenye karatasi zilizoharibika, zile zilizokunjwa na mashine au zilizotoka na wino nusu. Alizibeba nyumbani chini ya kwapa, mkewe akidhani ni za kuwashia jiko. Sarufi ilimchosha upesi. Kilichomteka ni nahau. Hakuamini kwamba watu wazima wenye akili timamu wanaweza kusema mvua inanyesha paka na mbwa na mtu yeyote asiwaulize wana maana gani. Sisi mvua kubwa tunaiita ya kumwaga, tumemaliza. Wao paka hawamwachi: yuko huyo wa mvua, yuko mwingine kwenye mfuko, na huyo akitoka ujue siri imefichuka. Kazi nyepesi kwetu ni mteremko, kwao ni kipande cha keki. Mtu tunayesema amepiga moyo konde, wao wanasema ameuma risasi. Wino alicheka peke yake katika chumba kile mpaka mhasibu wa jirani akaja kuchungulia kama ni mzima.

Mwanzoni alijifunza kama walivyojifunza wanafunzi, kwa safu mbili: kushoto nahau, kulia maana. Safu hizo mbili ndizo zilizomtia matatani. Mkuu wa chuo wa wakati ule alikuwa mgeni aliyejua Kiingereza peke yake, akafiwa na mama yake huko kwao. Wafanyakazi wakanunua kadi ya rambirambi. Kwa kuwa Wino ana mwandiko mzuri, wakampa yeye aandike maneno. Naye akaona hapa ndipo pa kuwaonyesha watu kwamba mtu wa fotokopi si wa mchezo. Akaandika kwa herufi za mviringo kwamba wafanyakazi wote wamesikitika sana kusikia kuwa mama mpendwa wa Mkuu amepiga teke ndoo. Safu ya kulia ilisema maana yake ni kufa, naye hakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Wafanyakazi thelathini na wawili wakatia sahihi bila kusoma.

Mkuu aliisoma akiwa amesimama. Akaingia ofisini, akafunga mlango, na watu wakasikia sauti ambayo hawakujua kama ni kilio au nini. Baada ya muda akamwita Wino. Macho yalikuwa mekundu kweli, lakini kwa kicheko. Alisema ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu apate habari, na kwamba marehemu mwenyewe angeipenda kadi ile kuliko zote. Kisha akamkalisha na kumweleza taratibu. Kupiga teke ndoo ni kama sisi tunavyosema fulani amekata kamba. Ni maneno ya kijiweni, watu wakisimuliana kwa mzaha. Hayapelekwi kwa mfiwa. Akamwambia maneno ambayo Wino hajayasahau: maana ya nahau ameipata, uso wake hajaupata.

Siku hiyo alitoka ofisini masikio yakimwaka moto. Akanunua daftari la kurasa mia mbili na kulipiga mistari ya safu nne. Ya kwanza nahau, ya pili maana, ya tatu mfano, na ya nne akaiita Uso: nani humwambia nani, wakati gani, na akiwa amenuna au anacheka. Akajiwekea na sharti. Nahau haiingii daftarini kwa sababu tu ameisoma mahali. Inaingia siku anapoliona jambo lenyewe likitokea mbele ya macho yake mawili, kati ya watu anaowajua. Mfano wa kubuni hautakiwi. Kwa sharti hilo nahau nyingine zilikaa foleni miaka na miaka, na yeye akizisubiri kama mtu anayesubiri wageni wenye ahadi.

Sasa jambo la kuona kwa macho linatokea wapi zaidi? Nyumbani. Na nyumbani kwake, katika mwaka uleule wa kadi, alihamia mama mkwe.

Mama huyu alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha mashati, kwenye meza ya ukaguzi wa vifungo. Alikuja na godoro, masanduku mawili, na makopo ya vifungo ambavyo hadi leo anavishona kwenye mashati ya mtaa mzima. Si mtu wa kukaa kimya pembeni. Mambo yalimtokea, na yalipokuwa hayamtokei aliyafuata yalipo. Kwa mtu aliyekuwa akisubiri mifano, ilikuwa neema. Pale Waingereza wanaposema mtu anabwekea mti usio wenyewe, yaani anamlaumu asiyehusika, Wino akaandika: “Mama mkwe amemfokea mtoto wa jirani wa kulia kwa kuvunja dirisha. Aliyevunja ni wa kushoto.” Kwenye dhoruba ndani ya kikombe cha chai, ya ugomvi mkubwa juu ya jambo dogo, akaandika: “Mama mkwe na mke wangu hawasemezani siku ya pili leo kwa ajili ya kifuniko cha sufuria.” Kwenye shika farasi wako, wanayomwambia mtu mwenye haraka, akaandika: “Safari ni saa nane. Sasa ni saa nne, mama mkwe ameshavaa viatu na yuko mlangoni.” Ile ya kuuma risasi aliisubiri miaka sita, mpaka mama mkwe alipokubali kung'olewa jino. Na ile ya mwezi wa buluu, ya jambo linalotokea kwa nadra kabisa, ina mfano mfupi kuliko yote: “Mama mkwe amesema samahani.”

Miaka kumi na tisa ikapita hivyo. Daftari likakaribia kujaa.

Muhula uliopita mwalimu mpya wa darasa la jioni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye haraka zake, alishuka na karatasi ya nahau akitaka nakala arobaini. Safu mbili. Wino akaipitishia macho, akaguna.

“Kuna nini, Fundi? Mashine mbovu?”

“Mashine nzima, Mwalimu. Hii ya ndoo usiwape hivihivi. Wataenda kuitumia msibani.”

“Kwani wewe unazijua hizi?”

Wino alitaka kusema hapana, mdomo ukasema ndiyo. Akafungua droo, akatoa daftari. Mwalimu alisoma kurasa tatu akiwa amesimama, akavuta kiti, akasoma kumi, na wanafunzi wake huko juu wakakaa dakika ishirini bila mwalimu. Akaondoka nalo, na aliporudi nalo kesho yake alikuwa ameshaongea na wakubwa. Chuo kitachapa kitabu, nakala mia tatu, kwa ajili ya wanaojifunza. Safu zote nne, mifano kama ilivyo, na jalada lenye jina la Fundi, jina lake kamili la cheti cha kuzaliwa. Kazi inaanza Jumatatu.

Wino akajifanya anarekebisha trei ya karatasi. Miaka ishirini na sita ya kurasa, zikipangwa zingefika darini na kurudi, na hapana hata moja iliyokuwa na jina lake. Alilitaka jambo lile kiasi cha kuogopa kulitamka.

“Ila kuna moja,” mwalimu akasema. “Huyu mama mkwe ni mtu wa kweli?”

“Wa kweli sana.”

“Yumo mara sitini na moja, nimehesabu. Lazima aulizwe. Akikataa tutamtoa.”

“Ukimtoa kitabaki nini?”

“Mifupa,” mwalimu akakiri. “Kwa hiyo kamuulize vizuri.”

Jioni ile alimwonyesha mkewe. Mke alisoma akicheka mpaka akashika mbavu, akaipata ile ya kifuniko cha sufuria, akacheka upya, halafu ghafla akanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme.

“Mama anajua?”

“Angejua ungekuwa na mume?”

“Baba watoto, mimi hapo simo. Ulimwandika mwenyewe, msomee mwenyewe. Na umsomee yote.”

Hilo la yote ndilo lililomkosesha raha. Sitini kati ya ile mifano ilikuwa ya utani, na mama si mtu wa kuogopa utani. Mmoja haukuwa. Ulikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, wa mwezi wa pili tangu mama ahamie, wakati Wino alipokuwa bado anaandika kwa hasira za kadi na hasira za nyumbani kwa pamoja. Aliuangalia usiku na asubuhi. Kuuchana hakuweza, ungechanika na wa nyuma yake. Akaamua atauruka tu, kimyakimya, na Jumatatu atauondoa. Nani angejua?

Jumamosi baada ya chakula cha mchana alimkuta mama barazani, shati la mtu mapajani na makopo mawili ya vifungo miguuni. Akavuta kigoda, akajikohoza.

“Mama, nina jambo.”

“Sema, mwanangu. Mtu mwenye jambo zuri hakai na kigoda mbali hivyo.”

Akasogea. Akamweleza habari ya daftari, ya kitabu, na ya mwalimu. Akamwambia yumo mara sitini na moja. Mama akasimamisha sindano.

“Kwa miaka yote hii unakaa mezani kwangu, unatafuna, unanitazama, kumbe unaniandika?”

“Ndiyo, Mama.”

“Soma.”

Kiingereza mama hakijui, kwa hiyo Wino alisoma nahau, akaitafsiri, akaeleza maana, kisha mfano, kisha uso. Kila alipomaliza moja, mama alitoa kifungo kwenye kopo la kulia na kukitia la kushoto, ti! Uso wake yeye haukusema kitu. Aliposikia ya mtoto wa jirani alisema, “Wa kulia naye alikuwa na yake, ila hakupatikana tu.” Aliposikia ya farasi alisema safari ile walifika mapema, na waliochelewa walisimama njia nzima. Kwenye jino alishika shavu. Kwenye mwezi wa buluu mke alicheka huko jikoni kwa sauti, mama akapaza yake: “Na mara ya pili hamtaiona!”

Kufikia ya thelathini alikuwa ameanza kumsahihisha. Kifuniko hakikuwa cha sufuria, kilikuwa cha birika. Hawakunyamaziana siku mbili, zilikuwa tatu, naye ndiye aliyeshinda. Yule daktari wa meno alikuwa na mikono ya baridi, mbona hilo hakuliandika? Wino akachomoa kalamu na kuyaingiza hayohayo pembeni, jasho la woga likimkauka kidogo kidogo. Alijisikia vizuri. Alikuwa hajawahi kuongea na mama mkwe wake kwa muda mrefu hivyo bila mtu wa kati.

Akafika mwisho, akafunga daftari, akatabasamu.

“Ndizo hizo, Mama.”

Mama akainamia kopo la kushoto.

“Hizi ni sitini.”

“Labda nimehesabu vibaya.”

“Mwanangu, mimi nimehesabu vifungo vya mashati ya watu miaka thelathini. Shati likipungua kifungo kimoja nalijua kwa kulishika. Lete iliyobaki.”

Mke alikuwa ametoka jikoni na kitambaa mkononi. Wino alifungua ukurasa wa kwanza.

“Wanasema mwiba ubavuni,” akaanza. “Maana yake mtu au jambo linalokukera kila siku na huna namna ya kuliondoa.”

“Mfano.”

“‘Mama mkwe amehamia kwetu.’”

“Na uso?”

“‘Usiseme mbele ya mwenyewe.’”

Mama alikuwa na kifungo kati ya vidole, cheupe, cha matundu manne, na hakukitia kopo lolote. Wino aliona aibu ambayo hata siku ya kadi hakuiona, kwa kuwa ile aliifanya kwa kutojua, na hii aliijua alipokuwa akiiandika. Alikuwa tayari kusema basi, kitabu na kife, jina na lifutwe, Jumatatu amwambie mwalimu akatafute mifano mahali pengine.

“Lini hiyo?” mama akauliza.

“Mwezi wa pili tangu uje.”

“Mwezi wa pili nilikuwa nimehamisha kabati lenu.”

“Mara mbili, Mama.”

“Na redio nikaipeleka chumbani kwangu.”

“Na redio.”

“Na nikamwambia mke wako, wewe ukisikia, kwamba angeweza kuolewa na mwenye duka la vioo.”

“Hilo nililisahau.”

“Hukulisahau.” Mama akakitia kifungo kwenye kopo la kushoto, ti! “Nilikuwa nimemzika mume wangu, nimeuza nyumba yangu, naamka kila asubuhi kwenye nyumba ya watu nisijue hata kijiko kinakaa wapi. Nilikuwa mwiba hata kwangu mwenyewe. Hiyo ni ya kweli kuliko zote. Ukiitoa, na mimi nimejitoa.”

“Kwa hiyo umekubali, Mama?” mke akauliza kutoka mlangoni.

“Sijakubali. Nina neno.” Akamgeukia Wino. “Hapa nyumbani unaniita nani?”

“Mama.”

“Na humo ndani?”

Wino akatazama daftari kana kwamba hajui. “Mama mkwe.”

“Lipi la kweli?”

Angeweza kueleza kwamba ni kwa ajili ya wasomaji, kwamba watu wasichanganye mama huyu na aliyemzaa. Alikuwa na maelezo mazuri kabisa. Lakini mama alikuwa akimtazama kama alivyokuwa akitazama mashati, na maelezo yote yakamwisha.

“La nyumbani,” akasema, na alipolisema akasikia kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba imekuwa hivyo kwa muda mrefu sana.

“Basi kalamu unayo mkononi. Watu mia tatu wanakuja kunisoma. Sitaki watu mia tatu waambiwe kwamba kwako mimi ni mkwe.”

Wino akaweka daftari juu ya mapaja na kuanza. Alianzia nyuma, akikata neno moja kila mahali, kwa mstari mmoja ulionyooka wa mtu aliyezoea karatasi. Mke akaleta chai na kukaa chini kwenye mkeka, akihesabu kwa sauti, mama akishona. Jua lilikuwa bado liko juu walipofika sitini. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka ncha ya kalamu kwenye ile ya mwiba.

Mama akanyoosha mkono, akaufunika mstari kwa kiganja.

“Hapo acha,” akasema. “Mwezi ule nilikuwa mkwe.”